Paka abaki ama aende? Mimba, mtoto anayekula mchanga na minyoo ya wanyama wa nyumbani

"Daktari, niko Kisumu upande wa Nyamasaria, nina mimba ya miezi minne na mtoto wa miaka mitatu. Tuko na paka wa miaka minne tulimweka ju ya panya, na mwezi uliopita bwanangu akaleta kambwa kadogo kutoka Ahero. Kwa ploti kuna mchanga wa mjengo umekaa tangu Januari, huyu mtoto hashikiki, anacheza hapo na nimempata mara mbili tatu akila huo mchanga. Sasa ni wiki tatu anakohoa usiku, kifua kinalia kama filimbi na analalamika tumbo. Tulipeleka choo lab wakasema hakuna minyoo, na nasari walimpa dawa ya minyoo muhula uliopita. Mama mkwe anasema ni nywele za paka, ati zimeingia kwa mapafu ya mtoto na zitafunga kizazi changu ama ziharibu mimba, anataka paka atupwe kabla ya wikendi. Ni ukweli? Na tukibaki na hawa wanyama tufanye nini? Mama mkwe naye sijui nimwambie nini."

Dada yangu, pole sana kwa hizo wiki tatu za kuamka usiku. Kabla nieleze chochote naomba msitupe paka wikendi hii. Paka anaeza leta ugonjwa, mbwa pia, sitakuficha hiyo, lakini kwa yote uliyoandika kitu kilichonitia wasiwasi mara moja ni ule mchanga. Na kikohozi cha mtoto tutakirudia polepole, ju hao watu wa lab hawakukosea lakini pia jibu lao halikumaliza swali.

Tuanze na nywele. Nilianza kazi ya mifugo upande wa Njoro, sasa ni miaka niko huku ziwani, na kote nimeskia hii ya nywele za paka kufunga kizazi. Nywele ukiimeza inatoka na choo, haina barabara ya kufika kwa kizazi. Na kwa mapafu haikai ikaota. Kuna mambo mawili ya kweli hapo karibu ingawa. Kwanza, kuna watu wenye pumu ama alaji (mzio) ambao hubanwa kifua na protini inayotoka kwa mate na ngozi ya paka, ju paka anajilamba kutwa, mate yanakauka kwa manyoya alafu yanapeperuka. Pili, kuna kijidudu kinaitwa toksoplasma ambacho kweli kinaeza umiza mtoto tumboni, na hicho kinatoka kwa mavi ya paka. Mimi huona wazee wetu waliona mama mwenye paka akipoteza mimba, wakatafuta sababu, wakashika kile kinachoonekana kwa macho. So usimcheke mama mkwe, woga wake uko na mizizi.

Sasa shika hii moja ju itakusaidia kwa karibu kila kitu nitasema: vimelea vingi vya mbwa na paka vinapita kwa mavi, na mavi ya asubuhi hii kwa kawaida hayaambukizi bado, yanayoambukiza ni yale yamelala. Yai la mnyoo likitoka tu kwa mbwa ni kama yai la kuku lililotagwa leo, ukilipasua hupati kifaranga, linataka siku zake. Toksokara, ile minyoo ya duara ya mbwa na paka, mayai yake huiva kwa udongo kwa kama wiki mbili mpaka nne, na joto kama hili letu linayaharakisha. Toksoplasma inataka siku moja mpaka tano. Minyoo ya safura ya mbwa inataka kama wiki moja kwa udongo wenye unyevu ndio mabuu yake yaweze kuingia kwa ngozi ya mtu. Kwa hivyo nyumba inayozoa mavi kila siku inakata hiyo safari katikati, na nyumba isiyozoa, hata kama wanyama wanaoshwa na shampuu kila Jumamosi, iko kwa hatari. Kuna kimelea kimoja hakifuati hii kanuni, nitakitaja.

Turudi kwa mtoto, ju hapo ndio nataka uelewe vizuri. Mtoto akimeza mayai ya toksokara yaliyoiva, yanaanguliwa kwa utumbo na mabuu madogo sana yanatoboa yanaingia kwa damu. Yangekuwa ndani ya kambwa kadogo yangejua njia, yangepita mapafu, yapande koo, yamezwe tena, yakae kwa utumbo yakue kama tambi na kutaga mayai maelfu kwa maelfu kila siku. Ndani ya binadamu yanapotea. Yanazunguka tu kwa ini, kwa mapafu, mara chache kwa jicho ama ubongo, na hayafiki kuwa minyoo mizima hata siku moja. Sasa kama hakuna mnyoo mzima kwa utumbo wa mtoto, nani atataga mayai yaonekane kwa choo? Hakuna. Ndio maana choo cha mtoto mwenye toksokara kinasoma safi, hata ukipime mara kumi.

Na ile dawa ya nasari ni nzuri, endeleeni kuipokea, hiyo inalenga minyoo ya binadamu yenyewe inayotoka kwa vyoo vibaya na mikono michafu, lakini tembe moja ya mara moja haitoshi kwa mabuu yanayotembea kwa nyama na damu. Toksokara ikithibitishwa daktari hutoa dawa ya siku kadhaa mfululizo kwa kipimo cha mtoto, mara nyingi ni albendazole hiyo hiyo lakini siku tano hivi, na wakati mwingine na dawa ya kutuliza uvimbe. Tafadhali usiende kemisti ukajaribu kukadiria wewe mwenyewe.

Kitu cha kuomba hospitali ni hemogramu kamili, yaani kipimo cha kuhesabu seli za damu, alafu uulize eosinofili ziko ngapi. Hizo ni seli nyeupe za damu ambazo hupanda sana mwili ukipigana na mabuu. Zikiwa juu sana, na umwambie daktari wazi kuwa mtoto anakula mchanga na kuna mbwa mdogo nyumbani (hii sentensi mama wengi huisahau ama huona aibu kuisema), anaeza agiza kipimo cha damu cha kingamwili za toksokara. Si kila lab iko nacho, mara nyingi sampuli inatumwa kwa maabara kubwa na majibu yanangojwa. Eosinofili zenyewe pia hupanda na pumu, alaji na minyoo mingine, so zikipanda bado si hukumu.

Na nisikuache ukifikiri ndio hiyo tayari. Mtoto wa miaka mitatu anayekohoa usiku na kifua kulia filimbi, kitu cha kwanza daktari atawaza ni pumu, na ana haki. Kikohozi kikipita wiki mbili pia lazima aulizwe juu ya TB, kama kuna mtu mzima nyumbani anakohoa, kama anapungua uzito. Moshi wa jiko la makaa ndani ya chumba pia unaeza leta kikohozi na hiyo filimbi ya kifua. Minyoo ya duara ya binadamu nayo hupitia mapafu. Toksokara iko kwa hiyo orodha, na ju ya mchanga inapanda juu kidogo, lakini usiingie kwa daktari ukimwambia "ni mbwa" alafu ufunge milango mingine. Wiki tatu tayari ni nyingi, mpeleke kesho ama keshokutwa. Akianza kupumua mbio, mbavu zikiingia ndani akivuta hewa, midomo ikibadilika rangi ama akatae kunywa, hiyo ni hospitali dakika hiyo, usingoje asubuhi.

Kuna kitu kimoja unaeza fanya leo nyumbani. Mkicheza, mfunike jicho moja na kiganja, alafu lingine. Akitulia ukifunika la kulia lakini analia na kusukuma mkono ukifunika la kushoto, inamaanisha la kulia halimsaidii kuona. Buu likiingia kwa jicho kawaida ni jicho moja pekee, halina maumivu, na mtoto mdogo hajui kusema haoni. Ukiona hiyo, ama jicho limeanza kuenda upande, ama kwa picha ya simu yenye flashi mboni moja inatoka nyeupe badala ya nyekundu, nenda kliniki ya macho haraka, iwe hapo hospitali ya Russia, yaani Jaramogi, ama hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga. Mboni nyeupe inaeza kuwa pia saratani ya jicho ya watoto, so haingoji majibu ya minyoo.

Sasa wewe na mimba. Paka hupata toksoplasma akila panya ama ndege ama nyama mbichi, na akiipata mara ya kwanza anaitoa kwa mavi kwa kama wiki moja mpaka tatu, alafu anaacha, na kwa kawaida hairudi. Paka wako ana miaka minne na anawinda panya tangu akiwa mdogo, uwezekano mkubwa ni kwamba alishapitia hiyo kitambo. Anayenisumbua zaidi ni paka mchanga anayeanza kuwinda, so huu si wakati wa kuleta kitoto kipya cha paka. Ona basi kile kitatokea mkimtupa huyu: panya watajaa, na kabla ya miezi miwili mtaletewa kapaka kengine kachanga, na wewe ndio mimba imekuwa kubwa.

Mwanamke aliyewahi kuambukizwa kabla ya mimba kawaida mwili wake unamlinda mtoto. Shida ni kuipata mara ya kwanza ukiwa mjamzito. Mapema kwa mimba kijidudu hakipiti kirahisi kwenda kwa mtoto lakini kikipita kinaharibu vibaya, mimba inaeza toka ama mtoto azaliwe na shida ya ubongo na macho. Mwishoni kinapita kirahisi zaidi lakini madhara huwa madogo, ingawa macho yanaeza kusumbua miaka baadaye. Kuna kipimo cha damu cha kingamwili mbili, IgG na IgM, ongea na kliniki yako ya wajawazito kuhusu hicho. IgM ndio kawaida huonyesha maambukizi mapya, lakini ikitoka chanya usilie hapo kwa lab, inaeza kubaki kwa damu miezi mingi baada ya maambukizi ya zamani, kuna vipimo vya kufuatilia na kuna dawa.

Lakini dada, watu wengi hawaipati kwa paka waliye naye. Wanaipata kwa nyama haijaiva, kwa mboga haijaoshwa, kwa udongo na kwa maji. Ile choma bado iko na damu katikati, achana nayo mpaka ujifungue. Sukuma oshea maji ya kutiririka, jani kwa jani. Maziwa ya mbuzi chemsha. Maji ya kunywa chemsha pia, ju klorini haiui mayai ya toksoplasma. Alafu nikuulize kama kaka, unakula odowa, yale mawe ya udongo? Wengi wakiwa na mimba hawawezi pita sokoni bila kununua, na sikulaumu, lakini hiyo ni udongo na hakuna mtu anajua imelala wapi. Hamu ya udongo mara nyingi huenda na upungufu wa damu, waambie kliniki wakupime hemoglobini, na mtoto naye wampime ju anakula mchanga kwa sababu hiyo hiyo pengine. Ukitaka kumeza dawa ya minyoo wewe mwenyewe, muulize daktari kwanza na umtajie miezi ya mimba.

Kama nyumbani kuna mtu anaishi na HIV, huyo pia asishike choo cha paka, na asiruke septrin zake kama aliandikiwa, ju septrin ni kati ya vitu vinavyomkinga na toksoplasma ya ubongo kinga ikishuka.

Kambwa ndio kana kazi zaidi kuliko paka, na hapa watu hushangaa. Mbwa akiwa na mimba, ambayo ni siku 63 hivi, mabuu yaliyokuwa yamelala kwa nyama yake huamka karibu siku ya 42 na kuingia kwa watoto tumboni, mengine yanapita kwa maziwa. So hata kambwa kametoka kwa nyumba safi kabisa kanaeza zaliwa nayo, na kakifika wiki ya tatu ama ya nne minyoo yake inaanza kutoa mayai kwa mavi. Sisi huanza dawa akiwa na wiki mbili, tunarudia kila wiki mbili mpaka baada ya kuachishwa maziwa, alafu kila mwezi mpaka miezi sita, alafu kila miezi mitatu. Kako najua hakajapata, ju wachache sana huku hupata. Kapeleke wiki hii kapimwe uzito, na paka aende pia. Msimpe tembe ya binadamu mkikata kwa macho, wala ile aivamektini ya sindano ya ng'ombe, nimeona mbwa wakifa nayo. Na paka msimpe paracetamol hata robo, inamuua, wala dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin.

Viroboto navyo viondolewe ju vinabeba tegu. Mtoto akimeza kiroboto bila kujua, anapata tegu ya mbwa, na utaona kwa choo chake vipande kama punje za mchele vinavyosonga. Inatisha lakini ni rahisi kutibu. Mstari mwekundu unaotambaa chini ya ngozi ya mguu na kuwasha sana usiku ni mabuu ya safura ya mbwa, yamepotea vilevile, usichome na sindano wala kumwaga mafuta taa, ju buu lenyewe liko mbele ya mahali mstari unaishia, utachoma ngozi bure. Daktari ana dawa.

Funza lazima niitaje ju niko Nyanza. Mbwa, paka na nguruwe wanabeba funza kama sisi, kwa nyayo na katikati ya vidole, na familia inatolewa funza kila mwezi wakati mbwa analala kwa vumbi hapo jikoni akizirudisha. Angalieni nyayo za kambwa. Mtu, mnyama na sakafu vitibiwe siku moja, na pini moja isipite mguu kwa mguu, hiyo ni njia ya HIV, homa ya ini na pepopunda.

Ile niliyosema haifuati kanuni ni tegu ndogo inayoleta uvimbe wa maji, yaani hidatidi. Mbwa anaipata akila maini ama mapafu mabichi ya ng'ombe, mbuzi au kondoo yenye mifuko ya maji, na mayai yake yanaambukiza saa hiyo hiyo yanapotoka, yanaeza kuwa kwa manyoya pia. Kwa mtu uvimbe unakua polepole kwa ini au mapafu miaka mingi. Turkana imeumia na hii sana, Amref walianza kupambana nayo huko miaka ya 1980. Huku kwetu si kubwa hivyo lakini kanuni ni moja: usimpe mbwa mabaki ya bucha bila kuchemsha, na akienda vetinari apewe praziquantel, dawa ya tegu, pamoja na dawa ya minyoo ya duara. Mtoto anawe mikono na sabuni kila akitoka kucheza na mbwa, na asilambwe mdomo.

Na kambwa kakifika miezi mitatu, chanjo ya kichaa cha mbwa, kila mwaka. Hicho si kimelea, ni virusi, lakini ndicho kinachoua, nchi imejipa mpaka 2030 kukimaliza na bado tunazika watu. Mtoto akiumwa ama akikwaruzwa na mbwa yeyote, hata huyu wenu, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15 kamili alafu hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa mchanga. Paka wa mtaa mzima wanapenda mchanga laini, wanachimba, wananya, wanafunika. Tangu Januari hiyo ndio choo chao, na paka wako amekuwa akikutana huko na wengine. Hata mkimtupa yeye, mavi yao yanabaki, na mayai ya toksokara yanakaa kwa udongo miezi, hata miaka. Jiki haiyaui, msipoteze pesa. Ongeeni na landilodi huo mchanga utumike ama uondolewe, na kabla ya hiyo tandikeni turubali leo jioni na muweke mawe pembeni. Mtoto apewe mahali pengine pa kuchezea, viatu, kucha zikatwe fupi. Paka muwekeeni karai lenye mchanga mahali pamoja ndani, litolewe kila siku na kuoshwa na maji yanayochemka, na mavi ya kambwa yazolewe kila asubuhi yatupwe kwa choo cha shimo.

Kazi ya karai si yako mpaka ujifungue. Bwanako ndiye alileta kambwa, akubali na hii. Kama siku moja hayuko na hakuna mwingine, vaa glavu, fanya kabla masaa 24 yapite, nawa mikono na sabuni. Mama mkwe mkalishe chini na chai, umwambie umeuliza na umejibiwa kuwa alikuwa na sababu ya kuogopa, ni mavi badala ya nywele, na umuombe awe ndiye anaangalia mtoto asirudi kwa ule mchanga mkisubiri landilodi. Nina hakika macho yake yatashinda turubali.